Foto ya Shamba Letu la Swima

Feza mwanangu,

Kutoka Baraka mpaka Lulimba, uulize barabara nzima, hutapata mtu aliyezaliwa na bahati kama baba yako. Vita ya kwanza ilichoma avenyi yetu yote, nyumba kwa nyumba, ikafika kwenye mlango wangu, ikaniogopa, ikageuka. Ya pili ilinitafuta kwa jina na haikunipata. Risasi imewahi kupita katikati ya kofia yangu na kichwa changu, na ile kofia bado ninaivaa siku za misa, watu waone. Hata siku ile waliyomuua mama yako, mi nilikuwa mbali, juu kabisa mlimani, apareyi ya foto shingoni, nasubiri wingu litoke kwenye jua. Bahati tupu. Kifo kinapokuja kuniita, kinaambiwa: Baba Foto ametoka, amekwenda kupiga foto.

Najua umekunja uso. Ni sura ya mama yako hiyo, unaikunja vilevile. Tangu Jumapili hujanisemesha. Umehamia kwa mama yako mdogo pale karibu na bandari, na leo nilipokuja mlangoni alinizuia kwa mkono wenye unga wa muhogo. "Shemeji, rudi. Mutoto amesema hataki kukuona." Nikamwambia basi atapokea barua, maana barua haina uso. Alicheka kidogo. Ndiyo hii. Kesho alfajiri boti ya Mzee Saidi inavuka ziwa na wewe uko ndani, unakwenda kwa mjomba wako ng'ambo, kwa sababu huku ekoli hazifundishi tena, zimekuwa nyumba za basoda na bunduki zao.

Sitakuambia ufunge nini kichwani wala ule nini njiani. Hayo mama yako mdogo ameyasema mpaka umechoka. Mi nina jambo moja tu, na ni lile ulilolisema wewe.

Jumapili watu walikuja kukuaga, tukakaa kiwanjani, bugali na ndagala za ziwani katikati. Nikasimama nikatoa hotuba, maana unajua mi bila hotuba chakula hakishuki. Nikasema binti yangu atakuwa wa kwanza katika ukoo kupiga foto kwa kusoma, siyo kwa kubahatisha kama baba yake. Nikavua apareyi shingoni, nikakupa. Wewe ukaipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa, ukaiweka chini kwenye mkeka kama vile unaweka mtoto wa mtu mwingine.

"Baba, siitaki. Foto yako njo iliua mama."

Kila mtu aliacha kutafuna. Na mi nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, "Basi munipeleke tribinali! Lakini mukubali kwanza, foto ilikuwa nzuri!"

Mzee Saidi alipaliwa na ndagala. Watu wakacheka, siyo kwa ubaya, wamezoea tu: Baba Foto akifungua mdomo, unacheka. Wewe peke yako hukucheka. Ulinawa mikono, ukaingia ndani, ukatoka na begi.

Sasa mi nakwambia hivi: ulisema kweli. Na kwa kuwa ulikuwa mdogo na unakumbuka vipande tu, nitakuunganishia.

Unajua mi niliacha ekoli mapema. Mwalimu alimwambia babu yako kwamba kichwa changu ni kizuri kwa kubebea kofia. Lakini nimetembea. Nimefika Kalemie, Kigoma, Bujumbura, na Lubumbashi nilikaribia kufika. Apareyi niliijulia Kalemie kwa mpiga foto mmoja wa pale, niliyemfagilia studio mpaka akachoka kunifukuza, na nikarudi Baraka nikiwa mtu. Nilipiga nyuso. Ubatizo, ndoa, foto za karte ya utambulisho, marehemu kabla hawajafunikwa. Mlima sikuwahi kupiga. Nani angetaka foto ya mlima na mlima wenyewe uko pale nje, anauona kila akienda chooni?

Na katika nyuso nilikuwa fundi, hilo hata adui yangu atakubali. Bibi arusi akija na kovu shavu la kushoto, nilimwambia, "Mama, geuka kidogo, tazama dirisha." Mwenye jicho bovu nilimtafutia kivuli. Mwenye nguo iliyopasuka nilimpa maua ashike. Watu walitoka kwangu wamenyooka. Nilifikiri hiyo ni heshima, na ilikuwa heshima kweli, kwa uso wa mtu.

Halafu vita ya kwanza ikaja, nusu ya Baraka ikavuka ziwa. Mama yako akakubeba, mkavuka. Mi nikabaki. Nilisema nabaki kulinda chumba cha giza na dawa za kusafishia foto. Mama yako alisema, "Baki na dawa zako, labda zitakupikia."

Miezi haikupita mingi, maneno yakaanza kurudi na boti ya Mzee Saidi. Alikuwa anashuka, hajakauka miguu, ananiambia: "Foto, kuko mutu ng'ambo anataka umupigie mulima ya kwabo." Mwingine anataka kijito alichofulia tangu msichana. Mzee mmoja anataka mungazi wake wa mawese ulioko nyuma ya nyumba yake, aone kama bado umesimama. Nilidhani ni wazimu wa kambi ya wakimbizi. Halafu nikaenda, kwa sababu nyuso zilikuwa zimekwisha mjini.

Hapo ndipo nilipoiona nchi, Feza. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi na sikujua kama kwetu ni kuzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilijua tu kwamba kuna mlima wa kuchosha na mlima wa kuchosha zaidi. Sasa nikawa natoka giza halijaisha, napanda nyuma ya kijiji cha Swima, nakaa kwenye jiwe, na jua linatoka ziwani. Jua letu linatoka ziwani, usisahau hilo ukiwa ng'ambo, huko litakuwa linazama upande wa kwenu. Asubuhi mwanga unakuja chini chini, unaipiga milima usoni, kila mkunjo unaonekana, kila njia ya mbuzi. Jua likishakaa juu ya kichwa, mlima unalala, umekuwa ukuta tu. Na jioni usijisumbue, jua linaingia nyuma ya milima mapema, pwani yote inabaki bluu na baridi, wakati ziwa bado linawaka mbali. Nilijifunza kusubiri. Mi, ambaye sikuweza kusubiri hata chai ipoe.

Na jambo baya nikuambie: uzuri uliongezeka kadiri watu walivyopungua. Njia zikaota maua. Mihogo iliyoachwa ikawa mirefu kama miti. Katika kanisa moja lisilo na paa nilikuta ndege wadogo wa manjano wamejaa kwenye madirisha, wanaimba vizuri kuliko kwaya tuliyokuwa nayo. Nikapiga. Chini, chini kabisa ya dirisha, palikuwa na viatu vya watu. Nikainua apareyi kidogo, viatu vikatoka.

Umeelewa nilichofanya? Nilimgeuza bibi arusi.

Nikaendelea hivyo. Kijiji kimeungua, nasogea hatua kadhaa mpaka mungazi usimame mbele ya kijiji, napiga. Daraja limevunjwa, napiga mto wa juu yake. Watu ng'ambo walizipokea zile foto kama sakramenti. Wewe mwenyewe ulizitazama zikiwa zimebandikwa kwenye nguzo za mahema. Mzee Saidi aliniambia wamama walikuwa wanazigusa kwa midomo. Nikavimba kichwa. Nikajiona daktari.

Hata komanda mmoja alinisikia. Aliniita kilimani juu ya mji, nimpige na ziwa nyuma yake, na rasi ya Ubwari yote, na mguu wake juu ya jiwe kama mwenye shamba. Alikuwa mlevi na mchangamfu, aina mbaya kuliko zote. Alitazama chini, kwenye mashamba ya watu waliokimbia, akasema, "Foto, milima yenu ni mizuri kuliko ninyi."

Nikamjibu, "Ndiyo, shefu. Ni kwa sababu milima haikimbii."

Walicheka wote, basoda wake wakapigana mabega, akanipa sigara. Jibu hilo nimelisimulia katika kila baa ya Baraka. Chini pale kulikuwa na mama mmoja anachimba muhogo haraka haraka, anatazama nyuma. Kijana mmoja wa basoda akamwelekezea bunduki, komanda akasema, "Subiri, utaharibu foto." Nikapiga foto. Halafu yule kijana hakusubiri tena. Kila nikisimulia huishia kwenye sigara.

Sasa Swima.

Mama yako aliomba foto ya shamba la mama yake. Alisema kwa kinywa cha Mzee Saidi: "Umuambie anipigie shamba, nione kama kuko bado kitu." Nikaenda. Shamba lilikuwa limechomwa, na nyumba ya nyanya yako, na ghala, na upande mzima wa kilima. Palibaki mihogo ya pembeni tu, ambapo moto haukufika. Nikakaa kwenye jiwe langu, nikatazama kupitia apareyi. Filimu yangu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, unajua. Kwenye hiyo filimu udongo ulioungua unatoka mweusi laini, mviringo, hauna ukali. Unafanana kabisa na kivuli cha wingu juu ya kilima.

Ila mbingu ilikuwa tupu. Kivuli bila wingu ni uongo unaoonekana. Basi nikasubiri. Nilikaa pale asubuhi nzima mpaka wingu moja zuri, jeupe, limejaa, likaja likasimama mahali pake, ndipo nikapiga, ili kivuli kiwe na mwenyewe.

Ni foto bora niliyopiga maishani. Jumapili nilisema kwa mzaha, lakini ni hivyo.

Niliisafisha, nikaituma, sikuongeza neno. Unataka kujua kwa nini sikuongeza? Nilikuwa nimechoka kupika peke yangu. Nilikuwa nimechoka kulala na chupa za dawa. Nilitaka mke wangu arudi. Ukubwa wote wa Baba Foto ni huo.

Ni wewe uliyeniambia alivyoipokea, ukiwa bado mdogo, huku unakula muwa kwenye ngazi ya studio, hujui unasema nini. Ulisema mama aliitazama mpaka jua likaingia, akaweka kidole kwenye kile cheusi, akamwambia kaka yake: "Ona. Wingu iko juu ya shamba. Mvua imefika kwetu. Mi narudi kulima." Na mjomba wako akamwambia ngoja, na yeye akajibu, "Nitangoja nini? Foto iko hapa."

Mkavuka. Alishuka na jembe jipya na wewe mgongoni, ingawa ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno wa kubebwa. Nilifurahi, Feza. Nilipiga filimu nzima pale bandarini. Asubuhi ya pili akakuacha kwa mama yako mdogo, akachukua jembe, akaenda Swima. Hakurudi. Haya unayajua, na yule mzee wa Swima aliyemzika umeshamsalimia.

Nilifunga studio. Nilisema sitapiga tena mlima. Sikuweza, kiapo kilidumu kama kiapo cha mlevi. Nchi bado ni nzuri, ndiyo mateso yenyewe. Ukiwa na macho kama yangu na yako, hutapata mahali pa kuyaweka. Nimekuona mara nyingi, umesimama nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani, umesahau ndoo, unatazama ukungu ukipanda Ubwari. Unachukia apareyi yangu, lakini shingo yako inageuka kila mwanga unapogeuka. Pole. Ni urithi, na sikukuuliza.

Basi kuna bahasha. Mama yako mdogo anayo. Mjomba wako ametuma maneno na Mzee Saidi: yeye na wenzake wamechoka na kambi, wanataka kurudi kabla mvua hazijaanza, wapande. Wanataka foto kwanza. Wamesema wazi: "Baba Foto akituonyesha, tutajua." Watu wenye watoto, Feza. Wanakungoja wewe na hiyo bahasha, na utashuka kwenye boti na macho ya mama yako, watakuamini hata kabla hujafungua mdomo.

Nilikwenda nikapiga. Swima, na njia ya juu, na upande wa Lulimba mpaka nilipoweza kufika bila kuvuliwa nguo. Kila mahali nilipiga mara mbili. Mara ya kwanza kama ninavyojua, mungazi mbele, wingu juu. Mara ya pili nikazunguka, nikasimama upande wa pili wa mungazi. Mkono ulikataa. Nilikuwa kama mtu anayemvua mke wake nguo sokoni. Lakini nilipiga: kuta, na visima vilivyotiwa uchafu, na njia isiyo na alama ya mguu wa mtu mzima wala mtoto. Viatu pia nilipiga, safari hii sikuinua apareyi.

Wape zile za pili kwanza. Waache wazishike, walie, wanitukane. Halafu uwape zile nzuri, maana hizo nazo ni za kweli, na mtu ana haki ya kuuona mlima wa kwao hata kama hawezi kuukanyaga. Mjomba wako atakuuliza, "Feza, kwetu ni kuzuri?" Umwambie ni kuzuri. Umwambie ni kuzuri sana. Halafu umwambie asije.

Ukiona huwezi kuzibeba, zitupe zote ziwani, sitakuuliza. Lakini usiwape zile nzuri peke yake. Hilo nakuomba, na unajua mi kuomba sijazoea, nimezoea kutoa hotuba.

Apareyi nimempa Mzee Saidi, ameifunga kwenye nailoni. Ukiikataa atabaki nayo, amesema ni nzito ya kutosha kuwa nanga. Ukiichukua, ujue ina filimu mpya ndani. Ukipiga mahali, piga pale uliposimama. Usisogee ili kitu kitoke. Mguu ukikuambia sogea, jiulize kwanza unamficha nani.

Nilikuwa nimemaliza hapo. Nimeisoma tena kutoka juu, nikacheka kwenye ile ya kofia, nikafika kwenye mlima na wingu, nikashindwa kuikunja karatasi.

Mama yako hakwenda Swima peke yake. Tulikwenda wote wawili. Njiani alinitania kwamba nimenenepa kwa dawa za foto. Tulipofika juu alisimama pale pale niliposimama mimi, kwenye jiwe, akatazama. Akashuka, akachota udongo mweusi, akausugua kwenye kiganja. Akaniuliza, "Njo hii kivuli?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumchekesha, tukasikia watu kwenye njia. Nilikuwa karibu na ile mihogo ya pembeni. Niliingia. Nililala kifudifudi, nikailalia apareyi ili kioo chake kisimete. Yeye alikuwa katikati ya weusi, hana pa kuingia, walikuwa wameshamwona.

"We mama, uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Shamba hii ni ya nani?"

"Ya kwetu."

Wakacheka. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kisigino chake na majivu yaliyokishika. Hakugeuza macho upande wangu hata mara moja. Na baadaye, alipopiga kelele, hakuita jina langu.

Walipoondoka nilibaki pale chini mpaka jua likaingia nyuma ya milima. Kisha nikashuka mjini nikasema nilikuwa juu napiga foto, na watu wakasema, ah, Baba Foto na bahati yake.

Ile bahati ni uongo, Feza. Nilikuwa pale.

Baba yako